Kilima cha Zamu

Karani Mbonea alinivutia kiti hadi ukingoni mwa Ramani, akakipangusa kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi.

"Bibi Namkunda," akasema, "chai utakunywa kabla ya kuua au baada?"

"Nani kakwambia nimekuja kuua?"

"Miaka sita unashuhudia vilima vya watu humu ndani, sijawahi kukuona na kanga mpya. Leo umevaa doti nzima, bado ina harufu ya duka."

"Nimevaa kwa ajili ya mdogo wangu."

"Atakuja?"

"Alikufa."

Mbonea akaenda kuchemsha chai. Ni mtu mzuri. Mguu wake mmoja ni mfupi kidogo, na utani ndio mkongojo wake.

Nikabaki na Ramani. Jumba lile, hapa Same, zamani lilikuwa ghala la mkonge, na mpaka leo ukivuta pumzi unapata harufu ya kamba. Katikati waliweka meza pana kama uwanja wa kupuria maharage, imejaa unga wa kijivu laini kuliko majivu. Kila utafiti ulioandikwa juu ya kufundisha uchumi, tangu darasa la awali mpaka chuo kikuu, ni punje moja ya unga ule. Utafiti ukiutaja mwenzake, punje zinavutana. Zikivutana nyingi zinapanda, kinakuwa kilima. Kushoto kimekaa Kilima cha Akiba, kipana, cha zamani, kinatitia mwaka hadi mwaka kwa sababu watafiti wamekichoka. Nyuma yake kuna Kilima cha Ujasiriamali, ambacho wakati wake kilikaribia kugusa dari, na sasa nimekipita kimo. Na katikati kabisa, chenye ncha kama pembe ya mbuzi, kimesimama Kilima cha Zamu.

Mwanzoni Ramani ilikuwa ya kutazama tu. Wakubwa wa elimu walikuja kuona watafiti wanaelekea wapi, wamerundikana wapi, na wapi ni tambarare hakuna aliyekanyaga. Halafu wakachoka kubishana nini kifundishwe, wakaiachia Ramani iamue. Kilima kikipanda, somo linaingia shuleni mwaka unaofuata. Kikishuka, linatoka. Ndipo mashine nazo zikaanza kuandika tafiti, zikawa zinatajana zenyewe kwa zenyewe, na kikaota kilima kirefu cha jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyewahi kulifanya. Watoto wa nchi nzima walifundishwa jambo hilo miaka miwili. Nilimsikia mjukuu wangu akilikariri, nikamuuliza maana yake nini, akasema, bibi, hata mwalimu hajui.

Baada ya aibu ile ikatoka sheria ya mashahidi. Kila miaka saba, kilima kiwekewe mkono wa mtu aliyeliishi somo lile kwa mwili wake, na mtu huyo asiwe msomi. Walisema msomi ana rafiki zake na ana maadui zake. Mtu aliyeishia darasa la nne kama mimi, walidhani, hawezi kuwa na adui ndani ya vitabu.

Mimi nilikuwa naye mmoja. Nilimsubiri miaka kumi na tisa.

*

Alikuja saa nne kasoro. Mwenye kilima, mtafiti aliyekianzisha, anaruhusiwa kuwepo na kusema neno lake kabla shahidi hajasema lake. Nilimkumbuka kijana mwembamba mwenye viatu vipya vilivyokuwa vikimbana. Sasa Dokta Heriel Sangiwa alikuwa na ndevu za mvi zilizochongwa vizuri na kitambi cha heshima, na viatu vilikuwa vimemkubali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mgeni."

Akacheka. "Mgeni tena, mama? Baba yangu kazaliwa juu ya milima hii hii. Mimi tu ndiye niliyekulia mjini."

"Najua. Lakini kijijini Kisesheni ulikuja kama mgeni."

Kicheko kikaishia njiani. Akavuta kiti, akakaa, akanitazama usoni kama anayetafuta mlango.

"Unatoka Kisesheni?"

"Shamba langu ni la mwisho kwenye mfereji. Lango la kumi na nne."

"Ah, basi," akasema, na akamgeukia Mbonea aliyekuwa anakuja na chai, kama vile mambo yamekwisha. "Basi huyu mama ndiye shahidi hasa. Ameliishi. Mama, somo hilo lilianzia kwenu na sasa liko katika shule elfu nne mia moja na kumi na mbili. Unajua hilo?"

"Nimeliishi kweli. Tangawizi yangu yote ilikauka kwa ajili yake."

Mbonea akaweka kikombe polepole. Nikaona nimweleze na yeye, maana miaka sita alikuwa ananihudumia bila kujua ninachokuja kukifanya.

Kwetu tuna ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku kucha, na asubuhi linafunguliwa kwa kuchomoa kizibo cha mti. Maji yanashuka na mfereji mmoja, kila shamba lina lango lake na zamu yake. Mdogo wangu Nakiete alikuwa anafundisha watoto wa darasa la pili. Hakuwa na cheti cha ualimu, alikuwa na uwezo. Alichimba ndiva ndogo uwanjani, ukubwa wa karai, akavuta mfereji kwa kijiti, na kila mtoto akapewa kishamba cha upana wa viganja viwili na mbegu nne za maharage. Maji yalikuwa kibuyu kimoja kwa siku. Hayatoshi, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha. Watoto wagawane kisichotosha.

Kanuni yake ilikuwa moja: anaanza wa mwisho. Maji yanapopasuka kwenye kizibo yana nguvu, yanafika mbali, yanalowanisha mfereji mzima. Wakati yanapomrudia wa karibu, udongo umeshakunywa, hayapotei. Tena wa karibu analinda mfereji usibomoke, kwa sababu bado anasubiri chake. Nakiete alikuwa akiwaambia watoto: wa karibu hatasahauliwa, maji yanampita mlangoni; anayesahaulika ni wa mbali.

"Huyu bwana," nikamwambia Mbonea, "aliandika kwamba anaanza wa karibu."

Mbonea akamtazama Dokta. Dokta alikuwa anatazama kilima chake.

"Watoto waliofundishwa hivyo wakakua, wakaingia kwenye kamati ya maji. Tuliwaambia ndivyo sivyo, wakasema bibi, huu ni utaalamu, umefanyiwa utafiti. Mwaka wa tatu maji hayakufika lango la kumi. Mwaka wa tano hayakufika la saba. Mimi la kumi na nne nilikuwa nayasikia redioni, wakisifu kanuni ya Kisesheni."

"Mama," Dokta akasema taratibu, "huyo mwalimu. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Nimeshamzika."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha. "Pole sana. Sikujua kama amefariki. Tunaweza kuliandika jina lake. Toleo lijalo, ukurasa wa shukrani. Nitalisimamia mimi mwenyewe."

"Jina analo tayari," nikasema. "Ulimpa wewe. Mtoa Taarifa Namba Saba."

Sentensi yenyewe naijua kwa moyo. Nilijifunza kusoma upya kwa ajili yake, kidole chini ya kila neno, wiki mbili nzima. Nikamsomea bila karatasi: "Mtoa Taarifa Namba Saba, mwanamke mwenye elimu ndogo, anauendesha mchezo huu bila kuielewa kanuni ya kiuchumi iliyomo."

Akakivuta kiti chake nyuma kidogo.

"Mkaguzi alisoma hapo hapo. Akamtoa darasani, mtu asiyeelewa anachofundisha atafundishaje. Wakamhurumia wakampa ufagio. Alifagia shule ile miaka kumi na mmoja, mgeni. Asubuhi anafagia chini ya dirisha la darasa la pili, anasikia somo lake likifundishwa kichwa chini miguu juu, na jina lako likitajwa. Hakuwahi kuingia kusahihisha. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, dada, mimi ni mfagiaji."

Nikanywa chai yangu. Mbonea alikuwa ametia sukari nyingi.

*

Shahidi ana haki ya kuomba mzizi. Imo kwenye kijitabu cha mashahidi. Miaka yote sita sikuuomba, nilivishuhudia vilima vya watu kwa haki, kimoja kimoja, hai nikisema hai na mfu nikisema mfu, ili siku ya Kilima cha Zamu ikifika wasiwe na sababu ya kunikataa.

"Nataka mzizi," nikasema.

"Hakuna haja," Dokta akasema haraka. "Ni makorokoro ya zamani, yana kelele za upepo. Karani, mama amechoka."

"Mimi nimechoka?"

Mbonea alishavaa glavu ya shaba. Akapiga goti la mguu wake mrefu, akazamisha mkono ndani ya unga chini ya kilima mpaka kwenye kiwiko. Kila mtafiti analazimishwa na sheria kuzika pale alichokikusanya huko mitaani na mashambani: sauti, picha, tarehe. Wengi wanazika na kusahau, kama paka.

"Kuna siku moja tu hapa," Mbonea akasema, mkono bado umo ndani. "Dokta, kitabu kinasema ulikaa Kisesheni miezi mitatu."

"Nyingine zitakuwa zimepotea."

"Siku hazipotei humu. Kuna tarehe tisa, asubuhi. Halafu basi."

Akafinya kitu. Kilima kizima kikaanza kutetemeka, unga ukirukaruka kama ulio juu ya ngoma, na sauti ikatoka humo humo kwenye unga. Kwanza upepo, ndiyo. Halafu watoto. Halafu Nakiete.

Miaka minane sijaisikia sauti ile. Nilishika ukingo wa meza.

"Leo tuna mgeni," Nakiete akasema, "na mgeni hasubirishwi. Kwa hiyo mgeni ndiye atakayechomoa kizibo, na aliyekaa karibu naye ndiye atakayepokea maji kwanza, tumpe heshima yake. Zuhura, pokea. Haya. Lakini, mgeni, usije ukaandika hivi. Hii ni adabu tu, si kanuni. Siku zote sisi anaanza wa mwisho. Lala hapa kwetu leo, kesho utaona."

Ikaja sauti ya kijana, ina haraka. "Kesho nina safari, mwalimu. Niambie jambo moja la mwisho. Na mtoto akiiba zamu ya mwenzake, mnamfanya nini? Mnamchapa?"

"Hatumchapi."

"Mnamtoa kwenye mchezo?"

"Tukimtoa si atakwenda kucheza kwingine, amepumzika. Tunamweka langoni. Msimu mzima yeye ndiye anayewafungulia wenzake. Anamwita kila mmoja kwa jina, kuanzia wa mwisho, na anasema aliiba zamu ya nani. Kila siku. Yeye anakunywa akibakiwa na kitu. Hata wakubwa kule ndivani tunafanya hivyo hivyo."

Kijana akacheka. "Adhabu ndogo sana hiyo."

"Ndogo?" Nakiete akasema, na nikamsikia anatabasamu. "Kaa langoni siku moja uone."

Halafu upepo. Mbonea akatoa mkono wake. Unga ukatulia.

*

Nitasema kweli. Juu ya kaburi la Nakiete niliahidi kuua. Nilikuja kuweka kiganja changu juu ya jiwe la ushahidi na kusema maneno matatu, somo ni mfu, na kuutazama unga ule ukimwagika mpaka uwe sawasawa na meza. Nilishayaona macho ya mtu huyu kilima kikishuka. Nilikuwa nayaona kila nilipochota maji kwa ndoo kupeleka kwenye matuta yaliyokufa.

"Mzizi umeoza, Bibi," Mbonea akasema kwa sauti ya chini. "Sema ni mfu, twende tukale."

"Mama, nisikilize." Dokta alikuwa amesimama. "Nilikosea. Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka. Lakini usiniangalie mimi, angalia watoto. Kilima kikishuka, hairuhusiwi kitu kuota hapo miaka saba. Watoto elfu ngapi hawatafundishwa kugawana chochote? Watabaki na kile cha Ujasiriamali, kila mtu na ndoo yake. Hata likiwa limegeuka, mama, ni somo la mdogo wako. Ukiliua unamzika mara ya pili."

Alikuwa anasema kweli, na nilimchukia zaidi kwa kuwa na kweli mdomoni. Nikisema hai, mwizi anabaki juu ya ncha miaka saba mingine, na maji yanaendelea kuishia lango la saba, si Kisesheni tu. Nikisema mfu, mwizi anaanguka, na Nakiete anaanguka naye, na hakuna mtoto atakayejua kwamba kuna mahali watu walikuwa wakianza na wa mbali.

Mkono wangu ulikuwa juu ya jiwe, bado sijaubana. Jiwe ni la baridi. Linasikiliza mapigo ya damu, linajua kama unasema uongo. Kwa nini unasema ukweli, hilo halijui.

"Mbonea, mwanangu, nipe kijitabu."

"Kijitabu cha nini, Bibi? Majibu unayajua. Hai au mfu."

"Yako matatu."

"La tatu halijawahi kutumika. Hata kwenye mafunzo waliliruka."

"Wewe uliliruka. Mimi nasoma polepole, siruki."

Akaniletea. Ukurasa wa thelathini na moja. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikawasomea kama nilivyozoea kusoma, neno kwa neno, na kila niliposimama kuvuta pumzi niliona Dokta ananiwahi mbele kwa macho yake.

"Somo lililopinduka halishuki. Mwandishi wake atalipindua yeye mwenyewe, shule kwa shule, kwa miguu yake na kwa mdomo wake, mbele ya watoto. Atamtaja aliyemfundisha. Ataeleza alivyokosea. Jina lake litabaki juu ya somo mpaka shule ya mwisho. Akikataa, vyeti vya wanafunzi wote aliowasimamia vitazuiliwa mpaka akubali."

Nikafunga kijitabu.

"Wanafunzi wangapi?" nikamuuliza.

"Thelathini na mmoja," akasema. "Mmoja ni mwanangu wa kike." Akapiga hatua mbili kunijia. "Mama, sema ni mfu."

"Unasemaje?"

"Sema ni mfu. Nakuomba. Barua ya kustaafu nitaiandika leo hii, nitakwenda nyumbani, hutalisikia tena jina langu. Si ndicho ulichotaka? Chukua."

"Sasa hivi ulikuwa unawalilia watoto."

"Nina miaka hamsini na nne. Shule elfu nne..."

"Mia moja na kumi na mbili. Ulinitajia mwenyewe, tena kwa furaha."

"Sitazimaliza."

"Najua."

Mbonea akaniinamia sikioni. "Bibi, fikiria. Ukisema hilo la tatu, jina lake linabaki kwenye somo. Miaka yote hii si jina hilo ndilo lililokutesa?"

"Libaki," nikasema. "Mtu asiye na jina unamwitaje langoni?"

Dokta alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yakiingia kwenye ndevu zile zilizochongwa. Nilijikagua kama nina huruma. Ningeipata labda kama ningeitafuta kwa bidii, lakini sikuitafuta. Nisijitie utakatifu hapa. Watoto wa mashamba ya mwisho walikuwemo moyoni mwangu, walikuwemo kweli, ila hawakuwa wa kwanza kwenye mstari. Mbele yao alikuwa Nakiete na ufagio wake, na mbele ya Nakiete nilikuwa mimi na ndoo yangu. Kama ningelikuta jibu linaloumiza zaidi kuliko hili, na watoto hawamo, sijui ningelichagua lipi.

Nikabana kiganja.

"Somo limepinduka," nikasema, na jiwe likapata moto chini ya mkono wangu, maana lilikuwa neno la kweli.

Kilima hakikumwagika. Ncha ilizama ndani taratibu, kama soksi inapogeuzwa, na kutoka chini kabisa, pale mkono wa Mbonea ulipokuwa, punje ambazo hazijaona mwanga miaka kumi na tisa zikapanda juu.

Mbonea akafuta glavu yake. "Chai nyingine?" akauliza, lakini hakuwa anatania.

"Hiyo sasa nitakunywa," nikasema.

*

Shule ya kwanza niliiomba iwe Kisesheni.

Tulifika watoto wakiwa wametoka mapumzikoni. Mwalimu wa darasa la pili, dada mmoja mwenye tumbo la miezi saba, alikuwa ameshachimbisha ndiva na mfereji mahali pale pale alipopenda Nakiete, karibu na ukuta wa nyuma. Vishamba kumi na vinne. Nilivihesabu, kisha nikaenda kukaa kwenye jiwe kule mwisho kabisa, nyuma ya mtoto wa lango la kumi na nne. Alikuwa kabinti kenye mafua, kamepanda maharage yake kwa mstari ulionyooka.

Dokta Sangiwa alisimama ndivani na kizibo mkononi. Alikunja suruali ya suti mpaka chini ya magoti. Tope lilishamfika kwenye vifundo. Mbonea alikuwa pembeni na fomu yake ndefu, mistari elfu nne mia moja na kumi na mbili, kalamu sikioni.

"Anza, Dokta," Mbonea akasema. "Jua linapanda."

"Naitwa Heriel Sangiwa," akasema, macho kwenye tope. "Somo hili nilifundishwa hapa na Mwalimu Nakiete Mrutu. Alinifundisha siku moja. Aliniambia linaanza na wa mwisho. Mimi nikaandika linaanza na wa karibu. Nikaandika pia kwamba yeye halielewi."

Watoto wakatazamana. Aliyekuwa shamba la kwanza, kijana mnene mwenye shati lisilo na vifungo, akanyoosha mkono.

"Babu, sasa kwa nini uliandika uongo?"

Dokta akamtazama mwalimu, kama atamwokoa. Mwalimu akakunja mikono juu ya tumbo lake, akasubiri na yeye.

"Aliniambia nilale, nione kesho yake," Dokta akasema. "Nikasema nina safari."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

Akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kweli kabisa akitafuta, macho yakienda juu kwenye ukuta, chini kwenye tope, kwenye kizibo alichokishika. Watoto kumi na wanne wanamngoja. Kuku akapita kwenye mfereji.

"Sikumbuki," akasema.

Mtoto yule akaona ni jibu la kawaida, akashusha mkono. Mbonea akachukua kalamu sikioni, akaitazama fomu, akanitazama mimi kwa mbali kuuliza kama atie alama.

Kabinti kalikokuwa mbele yangu kakageuka. Kakavuta mafua, kakaninong'oneza, "Bibi, yule babu anasema nini? Huku hasikiki."

Nikasimama. Nikajifunga kanga yangu vizuri. Sikupaza sauti sana, uwanja ule una mwangwi, Nakiete alikuwa anausifia.

"Rudia," nikamwambia. "Wa mwisho hajasikia."